Jibu kwa Msomaji Mkaidi

Benchi letu limeegemea ukuta kati ya duka la fundi cherehani na kibanda cha kinyozi. Lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa bomba, na anayekaa upande wa bomba hujifunza uvumilivu. Upande huo ni wangu. Katikati hukaa Karani, aliyestaafu baada ya miaka thelathini ya kugonga mihuri, na mpaka leo huongea kama barua. Kando yake ni Chaji, fundi wa simu, mifuko yote imejaa simu za watu, kiasi kwamba mlio ukisikika hajui aitike kwa mfuko upi. Kinyozi tunamwita Kipara, na sababu huonekana tangu mbali jua likiwaka. Shangazi anatuuzia kahawa. Ni shangazi wa kila mtu na hakuna anayejua ni dada wa baba yupi. Wa mwisho ni fundi cherehani mwenyewe, Pindo. Asubuhi ile alitoka dukani tepu shingoni, simu mkononi, akatupita bila salamu, akakaa.

Pindo: Nafuta. Sura zote kumi na moja. Nafuta, na siandiki tena.

Hapa nieleze. Ile tamthilia ya mjane wa ghorofa ya tatu ilikatwa ghafla mwaka jana, mjane akiwa ameshika kitasa cha mlango wa daktari. Televisheni hawakusema kwa nini. Wiki iliyofuata, saa ileile, wakaweka mashindano ya kupika. Watu wakanung'unika, wakazoea. Pindo hakuzoea. Alianza kuandika mwendelezo wake, sura kwa sura, kwenye mtandao wa hadithi, kati ya suruali moja na nyingine. Miezi tisa sasa. Ana wasomaji hamsini na wawili, na sisi wa benchi tulikuwa tukitembea kifua mbele kama tumemzaa. Kila mteja aliyekaa kusubiri kunyolewa alionyeshwa: yule pale, mwandishi.

Karani: Unafuta kwa sababu zipi? Zitaje, moja baada ya nyingine.

Pindo: Ni moja tu. Kuna mtu anajiita Msomaji Mkaidi. Ameniandikia maoni. Mistari thelathini!

Kipara: Ya matusi?

Pindo: Yangekuwa matusi ningecheka. Sikilizeni. "Mwandishi ana mkono mzuri. Lakini katika sura kumi na moja nimejua kila kitu kuhusu koti la daktari: kola, bitana, vifungo vinne, mshono wa bega la kushoto uliolegea. Sijui macho yake. Sijui kama ni mrefu wa pua au mfupi wa subira. Watu wote humu wamevaa vizuri, na hawana nyuso. Katika sura ya nane mjane anapata habari kwamba dada yake amekufa, na mwandishi anatumia ukurasa mzima kueleza marinda ya gauni. Je, alilia au hakulia?"

Tukaweka vikombe chini kwa heshima.

Shangazi: Marinda yalikuwa mangapi?

Pindo: Kumi na sita.

Shangazi: Hayo ni marinda.

Pindo: Kahawa ya Shangazi ikiisha, namjibu, nafuta, narudi kwenye suruali zangu. Nisaidieni jibu tu. Liwe la kumchoma.

Kipara: Huyo ana wivu, ndugu yangu. Ni mwandishi mwenzako, hana msomaji hata mmoja, anakuonea gere. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Pindo: Hiyo inaingiaje hapa?

Kipara: Inaingia kwamba mgeni asije. Mjibu kwa ufupi: "Kama huipendi, usisome."

Chaji: Aa, hilo ndilo jibu lao wote. Wanaleta simu kwangu, naona. Kwanza, "kama huipendi, usisome." Akirudi, "andika yako tuione." Akirudi tena, "mimi naandika bure, umenilipa?" Halafu wanamfungia asiwaone. Halafu, kaka, wanakuja kwangu kuuliza namna ya kumfungulia, wajue kama amesema kitu kingine.

Pindo akatazama ncha za viatu vyake.

Pindo: Mimi nimemfungia mara mbili.

Kipara: Vizuri!

Pindo: Na kumfungulia mara mbili.

Karani: Tatizo lenu ni kujibu kienyeji. Jibu liwe na kichwa. Andika hivi: "Kuhusu: malalamiko yasiyo na msingi juu ya koti. Rejea mistari yako thelathini. Napenda kukufahamisha kwamba ofisi hii haina kumbukumbu zozote za macho ya daktari."

Pindo: Si ndicho anachosema yeye, kwamba hakuna macho?

Karani: Ndiyo, lakini sasa kimesemwa rasmi.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyepita chuo, nilikabidhiwa kuandika. Nilipendekeza jibu liwe na vina, mizani nane kwa nane, lisomeke kwa mdundo. Kipara akaniambia nimwondolee mashairi yangu hapo.

Chaji: Kabla hamjafika mbali, mnamjibu nani? Mtu aandike mistari thelathini bila kukosea herufi hata moja? Huyo si mtu. Ni mashine.

Pindo: Mashine ihesabu vifungo vya koti?

Chaji: Si ndiyo kazi yake! Binadamu gani anahesabu vifungo?

Pindo: Mimi.

Tulimwangalia kidogo, kisha tukaendelea.

Karani: Siyo mashine. Ni wale wa televisheni. Wanataka ufute mwenyewe kwa mkono wako, kisha tamthilia irudi, na mjane afungue mlango kama ulivyoandika wewe. Nimekaa ofisini miaka thelathini, najua jalada linavyopotezwa.

Kipara: Karibu umefika, mzee, lakini umepita nyumba. Ni yule mwigizaji!

Karani: Yupi?

Kipara: Aliyeigiza daktari! Fikirini. Mtu mzima na heshima zake, yuko nyumbani hana kazi tangu tamthilia ikatwe. Anafungua simu ajiliwaze, anakuta ameandikwa bega limelegea mbele ya watu hamsini na wawili!

Pindo: Lililegea kweli. Niliona kwa macho yangu, sehemu ya nne. Nilitamani niingie ndani ya televisheni na sindano.

Shangazi alikuwa amenyamaza muda huo wote, anasuuza vikombe. Shangazi akinyamaza, jambo linaiva.

Shangazi: Mnazunguka mbuyu. Pindo, mwanangu, mama mkwe wako ana simu?

Pindo: Anayo.

Shangazi: Tangu lini?

Pindo: Mwezi uliopita. Tulimnunulia sisi.

Shangazi: Na huyo Mkaidi alijiunga lini na huo mtandao wenu?

Pindo akagusagusa simu yake. Akagusa tena.

Pindo: Mwezi uliopita.

Kipara: Lo!

Shangazi: Anavaa miwani?

Pindo: Anavaa.

Shangazi: Basi. Mtu anayeulizia macho ya wenzake ni yule ambaye yake yanamsumbua.

Kipara: Kikulacho ki nguoni mwako! Na wewe ni fundi nguo! Wahenga walikuwa wanakutaja wewe, tena kwa kazi yako!

Pindo: Jamani, mama mkwe wangu simu anaitumia kama tochi.

Shangazi: Ndivyo anavyotaka uamini.

Karani: Ushahidi unajitosheleza.

Wakati huo Chaji alikuwa kazini kimyakimya. Alizipanga simu nne za wateja mapajani kama karata, na kwa kila moja alishafungua akaunti kwenye ule mtandao wa hadithi.

Chaji: Tunamzamisha kwa sifa. Hii ya kwanza ni ya mwalimu mkuu, itaaminika. Nimeandika: "Hadithi tamu kuliko asali. Nimelia sana pale baba alipofufuka."

Pindo: Baba yupi?

Chaji: Hapo nitarekebisha.

Pindo: Mbona hamna baba?

Chaji: Nimesema nitarekebisha, kaka. Ya pili: "Mwandishi bora. Endelea." Ya tatu: "Endelea, mwandishi bora." Ya nne betri inasuasua.

Mwanamke mmoja alikuwa amefika, gauni lenye zipu iliyokatika likining'inia mkononi. Alimtaka fundi, akaona fundi ana mkutano, akasubiri. Shangazi akamwekea kahawa. Alisimama akinywa, anageuza macho kutoka kwa msemaji huyu hadi yule, kama mtu aliyeingia kwenye kikao cha ukoo usio wake.

Karani: Katibu wetu, tusomee jibu kabla halijaondoka.

Nikasoma kama lilivyokuwa, maana kila mmoja alikuwa ametia neno lake na hakuna aliyekubali lake litolewe: "Kuhusu: koti. Ewe mashine, au mwigizaji, au mama, au kituo husika. Rejea mistari yako thelathini. Kama huipendi, usisome. Ukisoma, usihesabu. Marinda kumi na sita si mchezo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wako katika ujenzi wa hadithi, Pindo, kwa niaba ya benchi."

Kipara: Likimfika hilo, halali usiku mzima!

Shangazi akainamisha birika juu ya kikombe cha Pindo. Kilitoka kiasi cha kufunika kitako cha kikombe, na machicha.

Shangazi: Ndiyo imeisha hiyo.

Pindo akachukua maneno yangu, akayaingiza kwenye simu yake. Kidole kikasimama juu ya kioo. Aliliona jibu, na chini yake aliona ile alama ndogo ya pipa la taka, na miezi tisa ya kazi yake.

Mwanamke: Samahani. Mimi nimekuja kwa ajili ya zipu tu. Lakini naona mnaipenda sana hiyo hadithi. Mmependa sehemu gani?

Barabarani pikipiki ilipita. Sisi tuliisindikiza kwa macho mpaka ikapinda kona, na hata ilipopinda tuliendelea kutazama kona.

Kipara: Sehemu ya... mjane.

Mwanamke: Anafanya nini?

Kipara: Anakuwa mjane.

Pindo akainua kichwa.

Pindo: Kipara. Si nilikutumia kila sura?

Kipara: Nimezihifadhi zote, ndugu yangu. Hakuna iliyopotea.

Pindo: Karani?

Karani: Suala hilo lipo mezani. Linasubiri zamu yake.

Pindo: Chaji?

Chaji alikuwa anasikiliza mfuko uliokuwa haulii.

Pindo: Shangazi?

Shangazi: Mimi macho, mwanangu. Unayajua macho yangu.

Akanifikia mimi. Nilimwambia ukweli, kwamba nilikuwa nasubiri iishe ili niisome yote kwa mkupuo. Maneno hayo kichwani yalikuwa na adabu. Yalipotoka mdomoni niliyaona yalivyo.

Pindo hakukasirika. Angekasirika tungejua la kufanya. Alirudi kwenye simu yake, akapandisha juu, akasoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akasema, si kwetu:

— Vifungo vinne. Nilivitaja mara moja tu. Sura ya pili, mstari mmoja.

Kipara alifungua mdomo, nadhani kulikuwa na methali njiani, Shangazi akamkanyaga mguu.

Pindo alifuta jibu letu, herufi moja moja, kutoka "benchi" kurudi nyuma mpaka "kuhusu". Halafu akamgeukia yule mwanamke.

Pindo: Dada yangu, nikuulize. Ukiletewa habari kwamba ndugu yako amekufa, unalia?

Shangazi: Pindo! Mteja huyo!

Mwanamke: Mwache tu. Mimi nilipoletewa ya kaka yangu, niliinuka nikafunga dirisha. Hakukuwa na upepo wala nini. Nilifunga dirisha, nikarudi nikakaa, nikamuuliza aliyeleta habari kama amekula. Kulia kulikuja baadaye, tena sokoni, napima vitunguu.

Pindo alimtazama. Nasema alimtazama, kwa sababu nimemjua miaka sita, na siku zote mteja akiongea yeye huwa anaangalia mabega, anakata kitambaa kichwani. Safari hii tepu ilining'inia tu shingoni. Akatoa kipande cha chaki mfukoni, akaokota karatasi ya kukatia mitindo, akaandika neno moja kubwa: DIRISHA.

Pindo: Gauni liache hapo. Njoo Alhamisi.

Mwanamke: Zipu mpaka Alhamisi?

Pindo: Alhamisi, dada. Leo kuna kazi imeingia.

Akaingia ndani. Tulitega masikio. Cherehani ya Pindo ni ya zamani, ikianza kazi hata kikombe chako hutetemeka. Vikombe vilitulia.

Mwanamke akatuaga akaenda zake. Tukabaki na birika tupu na aibu, na aibu haifai kukaliwa na watu watano kwenye benchi la miguu mitatu na bomba.

Karani: Chaji. Fungua sura ya kwanza. Soma kwa sauti, kila mjumbe asikie.

Chaji akafungua kwenye simu ya mwalimu mkuu, akasafisha koo, akasoma. Mjane ameshika kitasa. Amevaa sweta la kijivu, mikono imefumwa kwa misuko miwili, pindo limerudiwa. Hakufika aya ya pili.

Kipara: Ngoja, ngoja. Nywele zake je? Mjane atoke nyumbani bila kichwa?

Karani: Na huo mlango ni namba ngapi? Ghorofa ya tatu ina milango mingi. Hapa pana upungufu.

Shangazi: Sweta, na jua lote hili? Huyo mwanamke anaumwa. Mwandishi aseme kama anaumwa!

Chaji: Mnaniacha nisome au hamniachi?

Kipara: Mimi ningekuwa yule Mkaidi ningeandika mistari sitini!

Dirisha la duka likafunguliwa kwa kishindo. Pindo akatoa kichwa, chaki kwenye nyusi, macho mekundu.

— Nyamazeni huko nje! Kuna mtu amefiwa humu ndani!