Fundi Nyasi Avua Mabuti

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Fundi Nyasi anastaafu baada ya kulitumikia shamba letu la maziwa kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Hiyo miezi miwili ameisisitiza mwenyewe. Anasema miezi miwili ya kwanza ndiyo iliyomchosha kuliko yote, kwa sababu alikuwa hajui kitu. Kustaafu kwake kumepangwa mara tatu na kuahirishwa mara tatu, na keki ya mara ya kwanza tuliila bila aliyepaswa kuaga.

Aliajiriwa na marehemu mzee, mume wa Mama mwenye shamba, awe dereva wa trekta. Siku ya tatu trekta likafa. Wakati spea ikisubiriwa akaambiwa asikae bure, awafuate ng'ombe malishoni. Spea ilifika baada ya mwezi, lakini dereva alikuwa ameshapotelea kwenye nyasi na hakutaka tena kusikia habari za usukani. Jina la Fundi lilikuja baadaye, nalo limemletea balaa, maana wageni humletea vitu vibovu avitengeneze. Redio ya mpishi alikaa nayo wiki nzima kwa heshima, kisha akairudisha ikiwa imekufa zaidi.

Shamba letu halina siri kubwa. Tuna ng'ombe arobaini, vitalu ishirini na nane vilivyozungushiwa waya wa umeme, na nyasi. Kila asubuhi baada ya kukamua, ng'ombe huhamia kitalu kingine, na kile walichotoka huachwa kipumzike hadi kipone. Ukiwaingiza mapema unazikata nyasi pumzi. Ukichelewa unawalisha vijiti. Kuijua siku yenyewe ndiyo kazi, na kwa miaka mingi aliyeijua alikuwa mtu mmoja tu.

Aliijua kwa kusimama. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, ungemwona amezama hadi magotini, mikono nyuma, macho nusu yamefumba, akisikiliza ng'ombe wanavyong'oa majani. Alituambia kwamba nyasi zilizoiva hutoa sauti laini na zilizokomaa hulia kavu. Mimi ninayeandika haya, ambaye kazi yangu ni kupoza maziwa na kuosha mapipa, nimesimama naye mara nyingi nikasikiliza, na sijawahi kusikia tofauti yoyote. Lakini nilikuwa narudi kwenye mapipa yangu nimetulia, kama mtu aliyetoka kulala vizuri. Ni kweli pia kwamba mara mbili alisinzia akiwa ameegemea waya wenye umeme. Siku hizo aliamka haraka.

Vitalu vyetu vimepewa majina ya jamaa wa familia. Kuna Kwa Bibi, Kwa Mjomba, Kwa Shangazi, na kuna Kwa Mashemeji, ambako majani ni mazuri lakini hukai sana. Daktari mpya wa mifugo hakuwa na habari hiyo. Alipopiga simu kuuliza ng'ombe anayehangaika kuzaa yuko wapi, Fundi akamjibu kwa haraka kwamba yuko kwa Bibi. Daktari akaulizia njia, akaendesha gari hadi nyumbani kwa Bibi mwenyewe, akabisha hodi na mkoba wake wa sindano. Bibi alikuwa na kikohozi, akajua wanawe wamemkumbuka. Alimkaribisha, akamwekea chai, akafungua kifua asikilizwe. Kufikia daktari anamaliza kikombe cha pili, ndama alikuwa ameshazaliwa bila msaada wa mtu. Tangu hapo Bibi hamtaki daktari mwingine.

Yapo pia yasiyo ya kucheka. Mwaka ule mvua zilipochelewa miezi miwili, familia ilikaa jikoni kuamua. Kaka mkubwa, mtoto wa kwanza wa Mama, alitaka ng'ombe wafungiwe bandani, waletewe chakula kwa lori, na vitalu vyote vilimwe. Fundi aliomba siku arobaini. Aliwabana ng'ombe kwenye vitalu viwili vilivyochoka, akawalisha nyasi kavu tulizoweka akiba, tukakamua mara moja tu kwa siku, na vile ishirini na sita vingine hakuna kwato iliyokanyaga. Tuliogopa sana. Yeye mwenyewe alikonda. Mvua iliponyesha siku ya thelathini na sita, udongo wetu uliinywa yote, na ndani ya wiki moja shamba lilikuwa kijani hadi kwenye njia ya gari.

Hata hivyo kaka mkubwa hakuliacha neno lake. Alisema waziwazi, wala si kwa ubaya, kwamba shamba linalotegemea macho ya mtu mmoja litakufa siku mtu huyo akiondoka. Siku Fundi akistaafu, ng'ombe wanaingia bandani. Kwa hiyo kila kustaafu kulipoahirishwa tulishukuru kimyakimya, tukijua tunaiba muda tu. Aliyeumia zaidi alikuwa Kitinda, binti wa mwisho wa Mama, ambaye kwa miaka sita alimfuata Fundi kitalu kwa kitalu, akimwita Mjomba na kuuliza maswali hadi mzee akajificha choo cha nje.

Mwezi uliopita, mwanzoni, walifika pamoja kwenye waya wa Kwa Shangazi. Fundi alisema bado, tungoje siku tatu. Kitinda akainama, akang'oa shina moja, akalichana kwa ukucha na kumwonyesha ua lililoanza kuota ndani, dalili kwamba nyasi ziko karibu kuwa vijiti. Akasema ni leo. Fundi alibisha, akabisha tena kwa sauti. Kitinda akafungua waya mbele yake, na ng'ombe wakapita. Mzee aliondoka, na wote tuliokuwa pale tulijua tumeharibu.

Ng'ombe walikila kitalu kile sawasawa, hawakubakiza vijiti. Maziwa yakapanda siku ileile, na nyasi zilirudi kwa siku kumi na nane badala ya ishirini na tano. Siku ya kumi na tisa Fundi aliingia chumba cha maziwa, akaniomba karatasi na kalamu. Nilidhani ni malalamiko. Aliandika mistari mitatu ya kustaafu, akaweka tarehe, akacheka peke yake. Aliniambia kwamba mara zote tatu hakuahirisha kwa kushindwa kutuacha. Alikuwa anamngoja mtu wa kumwambia amekosea, na kweli awe amekosea. Kaka mkubwa aliisoma barua hiyo akiwa amesimama. Habari za banda hakuzitaja. Alimgeukia mdogo wake, akamuuliza Jumatatu ya kwanza bila Fundi ng'ombe wataingia wapi.

Fundi, asante kwa miaka yote, na asante zaidi kwa asubuhi ile uliyobishana ukashindwa. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na siku zisizo na haraka. Jumatatu ukishtuka alfajiri kwa mazoea, jifunike tena. Ng'ombe watakuwa wameshatoka.