Dhamana Iliyobaki kwa Jina la Mke Wangu

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari za mchana. Nimeombwa nisimame, na mnanijua, mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Tangu nijiunge na kikundi hiki cha wajane na wagane nimekuwa nikikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, ili maombi yakiisha niwe wa kwanza kutoka. Leo mmenisogeza mbele, basi mnivumilie, maana nitakachosema kinahusu bwawa la kuogelea. Najua wapo watakaocheka. Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka kidogo.

Baadhi yenu mliliona likipita mjini juu ya lori la semi, bluu, limefungwa kamba kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Pale stendi mtu mmoja aliuliza kama ni mtumbwi wa serikali. Lilikuwa bwawa la faibaglasi. Bwawa la namna hiyo halijengwi kwa matofali. Linatoka kiwandani likiwa zima, kama beseni kubwa. Unachimba shimo, winchi inalishusha, unalijaza maji.

Wazo lilikuwa la mke wangu. Alifundisha shule ya msingi hapa Babati mpaka akastaafu, na aliwahi kumzika mwanafunzi wake aliyezama ziwani. Hakulisahau jambo lile. Alikuwa akiniambia, "Mzee wangu, mji mzima uko kando ya maji na watoto hawajui kuogelea. Na ziwani kuna viboko, nani atawafundishia humo?" Wenzake walipopata kiinua mgongo walijenga fremu za maduka. Yeye akanunua bwawa.

Siku ile tulikwenda Arusha pamoja. Muuzaji alikuwa mchangamfu kweli. Alilipigapiga bwawa ubavuni kwa kiganja, akasema, "Mama, hili lina waranti ya maisha!"

Mke wangu akamuuliza, "Maisha ya nani? Yangu, ya bwawa, au ya kampuni yenu?"

Muuzaji akacheka. Na mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Aliomba karatasi ya waranti, akavaa miwani, akakaa kwenye benchi kuisoma. Mimi nikaenda kutafuta soda. Niliporudi alikuwa ameshasaini, na njiani kurudi hatukuzungumzia waranti tena. Tulizungumza juu ya watoto watakaokuja.

Walikuja kweli. Jumamosi chache tu, lakini walikuja, wa Bonga na wa Bagara, na yeye akikaa kwenye ngazi ya kushukia majini, sketi ameikunja magotini, akiwahesabia pumzi. Halafu presha ikampanda ghafla, tukamkimbiza hospitali, na hakurudi nyumbani akiwa hai. Ninyi mnajua inavyokuwa. Siwezi kuwaeleza ninyi jambo hilo.

Watoto wetu walikuja kuzika, wakakaa, wakarudi Mwanza na Dar es Salaam kwenye kazi zao. Nikabaki na nyumba, na bwawa. Watoto wa jirani hawakuja tena, na mimi sikuwaita. Ndugu zangu, nawaambia, maji yaliyotulia yana ukimya wake. Nilikuwa nahamisha kiti, nakaa upande huu asubuhi, jioni upande ule, naangalia majani yakidondokea humo. Siku nyingine jua linazama sijasema neno hata moja, na nikija kusema, labda kumwambia kuku "toka", sauti yangu mwenyewe inanishtua.

Masika ilipoingia, pampu ya kusafishia maji ikafa. Maji yakawa ya kijani, vyura wakahamia. Nikaona aibu. Niliona kama kaburi lake limeota magugu. Nikakodi mashine ya kuvutia maji, nikalikausha bwawa lote, nikaingia na brashi na sabuni nikalisugua mpaka likang'aa. Siku hiyo nilifurahi, sitawaficha. Nikasema kesho nitalijaza maji safi.

Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi nilipotoka nilikuta bwawa limenyanyuka. Upande mmoja ulikuwa umepanda juu ya ardhi, vigae vya pembeni vimetawanyika, na kwenye ile ngazi aliyokuwa akikalia kumetokea ufa ninaoweza kuingiza kidole. Sikuelewa. Kitu kizito vile kimenyanyuliwa na nani?

Sasa najua. Bwawa la faibaglasi linakaa chini kwa sababu ya uzito wa maji yaliyomo ndani. Ukilikausha wakati ardhi imelowa, maji ya chini yanalisukuma juu kama beseni tupu kwenye karo lililojaa maji. Lakini asubuhi ile nilichojua ni kwamba kitu cha mwisho alichoniachia nimekivunja kwa mikono yangu.

Nikapiga simu kwa muuzaji. Akapokea binti mmoja mwenye adabu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Bwawa letu limepasuka. Tuliambiwa lina waranti ya maisha."

Akaniuliza jina la mnunuzi. Nikalitaja jina la mke wangu. Nikasikia akibonyezabonyeza kompyuta.

"Nimemwona. Waranti iko kwa jina lake, baba. Naomba niongee naye mwenyewe."

"Hayupo."

"Atarudi saa ngapi?"

Nikasema, "Ametoka kidogo." Nikakata.

Kuanzia hapo nilijifungia. Kanisani sikwenda. Hapa kikundini sikuja, wengine wenu mlipiga simu nikaiacha iite. Nilikula viporo mpaka vikaisha, halafu nikawa nakula mkate na chai ya rangi. Kila nikipita dirisha la nyuma naona lile bwawa limeinamia upande kama jeneza lililokosewa kushushwa. Mnisamehe kwa kusema hivyo, lakini ndivyo nilivyoliona.

Mtu wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja wa kikundi hiki. Amekaa hapa, na amenikataza nisimtaje. Alipiga hodi, sikufungua. Akapiga tena. Akasema kwa sauti kubwa, "Baba, mimi sina haraka. Nimekuja na ugali na kuku, na mvua inakuja. Ukitaka nilowe, nitalowa." Nikafungua. Alikaa mpaka nikala. Alipoliona bwawa hakusema pole nyingi, aliuliza tu, "Karatasi ya waranti iko wapi?"

Nilijua ilipo. Ilikuwa kwenye kabati lake la nguo. Nikamwambia sijalifungua tangu msiba. Akasema, "Basi tutalifungua wawili." Tukalifungua. Harufu yake bado ilikuwemo. Mama huyu akageuza uso akatazama ukuta, akaniacha nilie nimalize.

Kesho yake alimleta mzee mmoja, Mwislamu, mwenye duka la vyombo vya umeme kule mjini. Alisema mwenyewe mlangoni, "Mzee mwenzangu, mimi mabwawa siyajui. Ila nauza friji, na kila wiki nagombana na watu juu ya waranti. Tusome taratibu."

Tukasoma mezani, watu watatu. Nilichogundua ni kwamba ile "waranti ya maisha" haikuwa kitu kimoja. Mwili wa bwawa ulikuwa na dhamana yake, ndefu, kwa kosa la kiwandani tu. Rangi ya juu ilikuwa na dhamana nyingine, fupi. Kazi ya mafundi waliochimba na kulishusha nayo ilikuwa na yake, fupi zaidi. Na lile neno "maisha" maana yake ilikuwa: muda wote ambao mnunuzi wa kwanza bado anamiliki bwawa. Akifariki, mume au mke anaweza kuandikishwa badala yake, lakini lazima apeleke taarifa pamoja na cheti cha kifo. Na palikuwa na mstari unaosema usikaushe bwawa bila kuwauliza kwanza.

Niliposikia huo mstari nikasema, "Basi imekwisha."

Mzee akainua mkono. "Subiri. Hapa wanasema mafundi wao wataweka bomba la wima pembeni, la kuchungulia na kuvuta maji ya chini. Twende ukanionyeshe hilo bomba."

Tukalizunguka bwawa kwenye matope. Bomba halikuwepo.

Akasema, "Hapa kila upande una kosa lake. Tunakwenda Arusha. Lakini lete cheti cha kifo kwanza."

Sikuwa nacho. Kibali cha mazishi nilikuwa nacho, cheti sikukifuata. Nilishafika mara kadhaa mpaka kwenye ngazi za ofisi ya vizazi na vifo nikageuka. Niliona nikikichukua kile cheti nitakuwa nimekubali kwamba amekufa. Safari hii yule mama alinisindikiza. Alikaa nami kwenye foleni, akinisimulia alivyofuata cha mume wake.

Arusha, kwenye kaunta alikuwepo binti yuleyule, nilimtambua kwa sauti. Akasema tena, kwa adabu ileile, "Baba, anayetakiwa kudai ni mnunuzi mwenyewe."

Nikamtazama. Nikasema, "Mnunuzi amefariki. Alikuwa mke wangu."

Ndugu zangu, nilikuwa sijawahi kulitamka. Watu walikuwa wanalisema kwa niaba yangu, mchungaji, watoto, majirani. Siku ile lilitoka kinywani mwangu, kwenye kaunta ya duka, mbele ya watu wanaonunua klorini. Yule mzee akanishika kiwiko. Binti akasimama, akasema, "Pole sana, baba. Sikujua," akaenda kumwita meneja.

Sitawadanganya kwamba tulishinda kila kitu. Meneja alikuwa mkali lakini wa haki. Ufa alisema si wa kiwandani, nililikausha mimi, matengenezo yake ni juu yangu. Nilikubali, kweli ni kweli. Lakini kukosekana kwa bomba kulikuwa kosa la mafundi wao, na waranti ya kazi ile ilikuwa bado hai. Walikuja kwangu Bonga kiangazi, ardhi ilipokauka, wakalinyanyua, wakasawazisha mchanga, wakaweka bomba, wakalirudisha. Ufa nikamlipa fundi akauziba. Kovu linaonekana. Na waranti sasa ina jina langu, na, kwa ruhusa ya meneja, jina la binti yetu mkubwa chini yake.

Nawashukuru. Namshukuru mama aliyekubali kulowa mlangoni kwangu. Namshukuru mzee wa duka, ambaye leo hayupo hapa lakini nimemwahidi nitamsema vizuri. Nawashukuru ninyi mliopiga simu ambazo sikupokea. Zilikuwa zikiita, na nilikuwa nikizisikia.

La kuwaachia ni hili. Ukinunua bwawa, au tanki, au friji, au sola, usiishie kwenye neno tamu la muuzaji. Uliza wakati bado anataka kukuuzia: dhamana hii inashika nini, inaacha nini, nikifanya nini itakufa, na nikifa mimi atabaki nayo nani? Soma mkiwa wawili, wewe na mwenzako, na wote mjue karatasi ilipo. Na kama mwenzako ameshaondoka, usisome peke yako. Mwite mtu. Mimi nilichelewa kumwita mtu, na karibu nife kando ya maji.

Upweke haujaondoka. Jioni bado ni ndefu. Ila sasa Jumamosi watoto wanakuja, tumepata mwalimu wa kuwafundisha, na mimi nakaa pembeni nashika mataulo. Wakiondoka panakuwa kimya sana, ndiyo maana nimeanza kuchemsha chai nyingi kuliko ninayoweza kunywa. Mwenye mtoto amlete. Asiye na mtoto, na nyumba yake ni kimya kama yangu, aje hivyohivyo.