Mashine ya Mwavita Inakohoa

Apa kwanza. Weka mkono kifuani useme hutamwambia mtu. Umeapa? Vizuri, maana hata mimi niliapa, nikamwambia Wema peke yake, na Wema tumbo lake halina mfuniko, sasa soko zima la Rumonge linajua isipokuwa wewe. Ilikuwa wiki ya Uhuru, mwaka sitini na mbili, kwenye benchi la Mwavita, muuza kahawa ya tangawizi. Mashine yake ya santuri ilikuwa imeanza kukwaruza. Mwenye duka kubwa upande wa pili wa barabara akatangaza kwamba Jumapili watu watacheza kwake, kwa mashine yake mpya, maana kikohozi hakichezwi. Mwavita aliposikia alitema mate chini. Asubuhi ile lori la Hyacinthe lilikuwa linakwenda Usumbura, na Mwavita alikuwa na uwezo wa kuagiza kitu kimoja tu. Akikosea kuchagua, sherehe imevuka barabara.

— Bateri, alisema Shafii, aliyeitwa Mekanisiye, yaani fundi, kwa sababu aliwahi kuosha lori. Bateri iko na njaa. Muimbaji mwenye njaa ataimba nini?

— Jana tu nimeichaji, alisema Mwavita.

— Basi imekula, haikushiba.

— Oya! Assumani alijipiga goti. Huyu ndiye Avoka, wakili wetu, alishinda kesi ya mbuzi mara moja na mpaka leo hajanyamaza. Ni ampli, hicho kikuza sauti! Wameitengeneza Wabelgiji. Imesikia mabwana zake wanaondoka, na yenyewe imefunga mizigo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu!

— Hiyo methali imeingia wapi hapa? aliuliza Mwavita.

— Kwani ampli iko na mama? alidakia Shafii.

Kabwe mvuvi, Kapiteni wao, aliyekunywa kahawa pale kila siku kabla ya kushuka ziwani, aliwatazama kwa huruma, akamgeukia Mwavita, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa.

— Bafle, yaya. Hii spika ndogo iko nalia kama mbuzi. Leta bafle kubwa kama mulango! Watu wa Baraka watacheza ng'ambo kule ya ziwa, Kongo, na ndagala watatoka majini wenyewe kuuliza nani anaoa.

— Na sindano je? aliuliza Mwavita.

— Sindano? alidakia Kabwe. Kikopo chake si kile pale kimejaa? Mwenda pole hajikwai, achana na sindano.

Mwavita alikitazama kikopo. Kweli, kilikuwa kimejaa, hata moja haijapungua.

Hyacinthe akapiga honi.

— Mama Mwavita! Nilete nini?

— Ngoja! Na yule wa duka asikie vizuri: miaka yote tumecheza wakitaka wengine. Jumapili tutacheza tukitaka sisi, hata kama ni mimi nitakayeimba badala ya mashine!

— Eee, yaya, sema! benchi likaitikia.

Mwanamke mgeni, Vestine, aliyetoka Kigwena kununua ndagala, alikuwa akisubiri kahawa yake kando ya mashine. Alichukua sindano moja kikoponi, akaigeuza, akainusa.

— Amahoro, mama. Mbona hizi sindano zenu iko nanuka mafuta ya taa?

Mwavita akamwaga kikopo kiganjani: zote zimejikunja ncha kama ndoana. Hapo kikasikika kitu kinasugua chuma. Kri, kri, kri.

Benchi zima likageuka. Kabwe alikuwa amewapa mgongo, amebana mapajani karabai yake, taa ya kuvulia ndagala, anazibua tundu lake kwa sindano ya mwisho iliyonyooka. Vidole vyeusi mpaka kwenye kucha.

— Kapiteni, alisema Mwavita taratibu, mikono ibaki hapo hapo ilipo. Wote waione. Kumbe unachukua nzima, unanirudishia viwete!

Kisha akapaza sauti mpaka ng'ambo ya barabara:

— Hyacinthe! Bafle ibaki huko huko. Leta sindano!

Kabwe hakuficha kitu, angeficha wapi? Sindano bado imesimama kwenye karabai.

— Lakini yaya, alisema, na taa yangu nayo si inataka uhuru?