Habari Si Mwaliko: Maisha ya Muhidini Bwanausi wa Mlingotini

Masheikh wetu, wazee wa Mlingotini na Zinga, wenzetu wa Bagamoyo mjini, na nyinyi mliotoka mbali kama Miono, assalaam alaykum. Kabla hatujamtoa ndugu yetu kwenda kumswalia, familia imenituma mimi mdogo wake, Salumu, nisome maisha yake kwa ufupi, ingawa yeye mwenyewe hakujua kusema jambo lolote kwa ufupi.

Marehemu Muhidini Bwanausi Mrisho alizaliwa hapa Mlingotini tarehe 9 Mei 1921, mtoto wa kwanza wa Mzee Bwanausi Mrisho, mvuvi na mkulima wa minazi, na Bibi Ashatu binti Majaliwa, wote wametangulia mbele ya haki. Alihitimu Kurani chuoni hapa kijijini, akaingia skuli ya serikali Bagamoyo mwaka 1930, na tangu utoto alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kuuliza, maana ukimwambia papa ameingia wavuni hakutaka kujua ukubwa wa papa, alitaka kujua wewe umesikia kwa nani, na huyo naye kaambiwa na nani, mpaka mama yetu akawa anamfukuza jikoni.

Aliendelea na masomo Dar es Salaam, kisha Makerere kuanzia 1941, akarudi kusomesha Bagamoyo, na tarehe 14 Septemba 1946 alimuoa Mwaija binti Mwinyijuma wa Zinga, wakajaliwa mabinti wawili, Tatu na Sada. Alirudi Makerere kuchukua shahada ya kwanza, akaimaliza 1953, akaajiriwa katika ofisi ya habari ya serikali Dar es Salaam, na mwaka 1954 akapata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea shahada ya pili, ambayo haipatikani ila kwa kuandika tasnifu, yaani andiko kubwa la utafiti, na yeye akachagua kuandika jinsi habari zinavyosafiri katika mwambao wetu huu.

Walimu wake walidhani atakuja kuhesabu magazeti na redio. Alianza hivyo hivyo, akaenda Zinga kuuliza watu kama wanaiamini redio ya Dar es Salaam, na Bibi Zaina, mama mkwe wake, akamjibu, "Sasa mwanangu, hilo sanduku nikiliuliza limesikia kwa nani, litanijibu?" Muhidini alicheka siku nzima, maana alikuwa amesafiri mpaka Ulaya kutafuta swali lake mwenyewe, naye mkwewe anaishi nalo ukumbini.

Ndipo akapata wazo ambalo lilikaribia kumharibia kila kitu. Alitaka kuifuata habari moja ya kweli tangu inapozaliwa, kwa hiyo akamwambia mtu mmoja tu, mwenye hoteli ya chai sokoni Bagamoyo, kwamba Jumamosi ya tarehe 18 Agosti 1956 atasoma maulidi nyumbani kwa baba yake, kisha akanyamaza, hakutuma mtu wa kualika hata mlango mmoja. Siku ilipofika, walikuja watu asiowajua, wa Miono walikuja na dufu zao, pilau ikaisha watu hawajanawa mikono, na Muhidini anapita katikati ya wageni akiuliza nani kamwambia nani, furaha tupu, mpaka alipotazama jamvi la wazee akaliona liko wazi. Baba yetu mkubwa, Mzee Mtoro, ambaye nyumba yake na hii zinagawana ua, alikuwa amekaa kwake na kanzu yake nyeupe, anasikia kasida zote, anasubiri kuitwa.

Tangu siku hiyo Mzee Mtoro hakusema naye. Muhidini alimpelekea salamu kwa kila apitaye, na jibu lilirudi lile lile, "Mwambieni nimepata habari kwamba ananisalimu." Iliuma, na hakuficha kwamba inauma, lakini kwa kuwa ni Muhidini aliiandika pia, kwamba kwetu mgeni huja kwa habari, jamaa haji ila kwa mwaliko.

Oktoba 1957 watahini waliirudisha tasnifu, wakisema imeeleza vizuri kwa nini jamaa wamesikia na wasije, lakini haikueleza kama iko habari ambayo yenyewe inatosha kumwinua mtu kitini, na wakampa mpaka mwisho wa Machi, la sivyo shahada hakuna. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kuvimba, naye alituficha. Alijua jibu liko msibani, na anayesimamia habari za misiba katika kijiji hiki, tangu sisi hatujazaliwa, ni Mzee Mtoro.

Mkewe ndiye aliyefungua njia. Mwaija alivaa buibui lake, akazunguka mpaka mlango wa mbele kama mtu atokaye mbali, akasema, "Shikamoo, baba mkubwa. Nimetumwa. Mwanao anakualika chakula Ijumaa baada ya swala." Mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akasema, "Haya. Sasa nimeitwa."

Alikuja, akala, Muhidini akambusu mkono huku analia, na mazungumzo yakaenda mpaka magharibi. "Harusi unangoja uitwe," Mzee alimwambia, "lakini msiba hauna mwaliko. Ukisikia, hata kwa mpita njia usiyemjua, umeshaitwa, na hata kama mligombana unakwenda." Muhidini akayafanya maneno hayo kuwa sura ya mwisho, akaipeleka Februari 1958, na tarehe 20 Juni ikaja barua kwamba amefaulu, akaisoma amelala, miguu juu ya mto.

Maradhi yalikuwa ya figo. Alilazwa Dar es Salaam tangu Novemba, akaomba arudishwe nyumbani, na jana Jumapili, tarehe 1 Februari 1959, alfajiri, akaitika wito wa Mola wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka na maswali yake, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya habari, walimu wake walioko mbali, na majirani waliotufungulia nyumba zao. Tunamshukuru Mzee Mtoro, aliyefika jana kabla yetu sote, akiwa amesikia kilio cha Mwaija uani, akaingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha hodi.

Kaka, hatukumwalika mtu hata mmoja, na uwanja umejaa mpaka barabarani. Mola akupokee kwa rehema, ulale salama.