Bi Subirini na Mstari wa Kwanza wa Fomu

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika ofisi yetu ya ustawi wa watoto, ofisa mwandamizi tunayemwita Bi Subirini anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo alilipata vikaoni, kwa kuwakatiza wakubwa: "Subirini, mtoto hajasema."

Alianzia masjala, akibandua mafaili yaliyogandamana kwa unyevu. Mwaka wa nne alikabidhiwa kesi za watoto wanaotafutiwa walezi. Ya kwanza ilikuwa ya msichana wa miaka tisa. Shangazi yake alikuwa na nyumba nzuri na moyo mweupe, kikao kikaafiki apelekwe kwake, na mtoto hakuulizwa. Alitoroka mara tatu, akirudi kwa bibi yake kwa miguu. Mara ya tatu ndipo Bi Subirini alipoketi naye sakafuni akamuuliza.

"Shangazi hana neno," mtoto alisema. "Ila mdogo wangu amebaki kwa bibi na ana pumu, na bibi hasikii vizuri."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bi Subirini alimwomba mtoto radhi, akakiri kosa mbele ya kikao, na ndugu wale wakapelekwa pamoja kwa shangazi. Tangu hapo mstari wa kwanza wa fomu yetu huuliza: Mtoto anasemaje? Usipojazwa, kikao hakianzi. Mkurugenzi mmoja aliwahi kusubiri dakika arobaini, mtoto wa miaka mitano amalize kuchora nyumba anayoitaka. Alinung'unika sana, lakini alisubiri.

Bi Subirini hakuwa mtu wa kukubali kila ombi. Mtoto aliyetaka lisilowezekana alielezwa sababu, na yeye mwenyewe.

Tuliposikia anaondoka tuliogopa, tena sana, kwamba mstari ule utabaki wino tu. Watoto wa makao yetu walimwomba asistaafu. Aliwaeleza kwamba umri hauna rufaa, kisha akawadaia viti viwili kwenye usaili wa mrithi wake. Wakapewa. Walikuja waombaji wanne na vyeti vyao. Msaili mmoja, mtoto wa miaka kumi, alikuwa na swali moja:

"Ukikosea, utarudi kutuambia?"

Watatu walijibu kwamba watajitahidi wasikosee. Wa nne alisema ndiyo. Ndiye tuliyemchukua, na anaanza tarehe mosi Julai.

Asante, dada yetu. Nenda ukale maisha kwa raha na afya, na huko nyumbani wasikuamulie jambo bila kukuuliza.