Taarifa Ambayo Dada Vimla Alikataa Kuisaini

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika Kituo cha Yoga cha Shantivan, hapa Uttarkashi, kaskazini mwa India, Bi. Vimla Nautiyal anastaafu rasmi tarehe 31 Machi 2024. Amechoka, na ameniomba nisiandike vinginevyo.

Alijiunga nasi mwaka 1991 akiwa mwalimu msaidizi. Wanafunzi walikuja wakitaka kugusa vidole vya miguu. Yeye aliwaanzishia kwingine kabisa: kutodhuru, kusema kweli, kutochukua kisicho chako. Mikao ya mwili baadaye. Wapo waliolalamika kwamba hawakupanda basi siku nzima ili waje kuhubiriwa.

"Basi kaeni chini mpumzike," aliwaambia. "Hata kukaa ni mkao."

Walicheka, na wengi wao walibaki.

Mwaka 2009 mama yake aliugua. Kwa wiki nzima Dada Vimla alimuuguza na kufundisha, bila usingizi wa maana. Katika darasa moja Milind Gokhale, fundi saa kutoka Pune, alikuwa amesimama kwa mabega, miguu juu. Alisema shingo inamuuma. Dada Vimla, akili yake ikiwa kwa mama, alimsukuma miguu ili inyooke. Mkono wa kushoto wa Milind ukafa ganzi, na haukuwahi kurudi ulivyokuwa.

Mkurugenzi wa wakati ule aliagiza iandikwe kwamba mwanafunzi alijilazimisha mwenyewe. Mimi, karani, niliichapa taarifa hiyo. Nilimpelekea Dada Vimla aisaini; aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia bila saini.

"Harish, andika upya. Andika kwamba alisema inauma, nami nikamsukuma."

"Dada, watakutoa darasani."

"Wanitoe. Nikibaki kwa uongo nitawafundisha nini, kupinda mgongo tu?"

Walimtoa. Alipelekwa jikoni, akakaa huko miaka tisa akipika dengu na kukanda unga wa chapati za watu themanini. Wageni walipenda kumwambia kwamba jikoni nako ni yoga. "Njooni mkande, basi," aliwajibu. Hakujifanya mtakatifu. Magoti yalivimba, alinuna, siku nyingine hakutaka kusemeshwa. Lakini sikumsikia hata mara moja akijutia maneno yale ya taarifa.

Mwaka wa tatu Milind alirudi. Aliingia jikoni moja kwa moja, mkono wa kushoto ukiwa mfukoni.

"Njia nzima nimepanga matusi ya kukutukana," alisema.

"Tukana, kaka. Nasikiliza."

Akavuta kigoda, akaketi. "Nimeacha kazi ya saa. Vidole havishiki tena. Lakini habari ya taarifa ilinifikia. Ungewaachia waandike uongo ule, ningeishi nikiamini kwamba mkono huu niliuua mwenyewe."

Dada Vimla alilia hapo, mbele yetu sote tuliokuwa jikoni. Milind hakumwambia kwamba amemsamehe, naye hakuomba aambiwe. Walikunywa chai, wakachambua dengu pamoja mpaka zikaisha, fundi saa akitumia mkono mmoja.

Mwaka 2018 mkurugenzi mpya alimrudisha darasani. Magoti hayakumruhusu tena mikao mingi, kwa hiyo alianzisha darasa la wazee na wagonjwa, wote wameketi vitini. Alimuuliza kila mmoja kwanza, "Panauma wapi?" na hakuanza kabla hajajibiwa. Darasa hilo ndilo linalojaa kuliko yote kituoni leo.

Jambo la mwisho ni langu. Taarifa ile ya kwanza sikuichapa tu. Nilikuwa nimeshaweka saini yangu kama shahidi, ilhali sikuwepo darasani. Dada Vimla aliiona. Nilipomaliza kuandika upya, aliichukua ile ya kwanza, akaichana mwenyewe vipande vidogo, na kwa miaka kumi na mitano hakumwambia mtu. Leo nawaambia mimi.

Sasa anakwenda kwa dada yake mjini Barkot, kwenye mashamba ya matufaha. Dada Vimla, asante. Umechoka kihalali. Sote hapa Shantivan tunakuombea miaka mirefu, magoti mepesi na watu wa kukupikia.