Kikombe cha Kupimia Tetemeko

Tangu ardhi itikisike juzi alfajiri, Mwanvua, muuza kahawa wa Kasingirima, kikombe cha kwanza hakiuzi. Anakijaza hadi ukingoni na kukiweka mwisho wa benchi; kahawa ikicheza, watu wakimbie. Alasiri hiyo haikucheza. Joto lilikuwa la kusinzisha, ziwa limelala jeupe kule chini ya mabati ya Ujiji, na Bucumi aliwasikia wenzake kwa mbali. Mwili ulikuwa benchini, roho iko ng'ambo, migombani kwa baba yake. Alitoka kambi ya wakimbizi kwa kibali kumleta mkewe kujifungua hapa mjini, na kesho ndiyo mwisho wa kujiandikisha kurudi Burundi. Alikwisha amua kurudi. Halafu jana ikaja barua ya kaka yake Ndikumana.

— Hebu isome tena hapo pa maji, — alisema Leonardi, waliyemwita Profesa kwa kuwa ujanani aliwabebea wapima ardhi vigingi.

Bucumi akasoma: — "Wamejaza bwawa bondeni. Maji yamefunika migomba yote ya mzee, na tangu yajae ardhi haitulii."

— Si nilisema! Maji ni mzigo, bwana. Yanaelemea, halafu yanapenya kwenye nyufa za miamba huko chini, mwamba unateleza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa ukuta wamejenga, ufa wameuacha!

— Acha fiksi, — alidakia Jeremia, aliyeitwa Kapteni Nchikavu, maana tangu boti yake izame hajagusa maji zaidi ya ya kuoga. — Ziwa letu hili lina maji kiasi gani? Mbona sisi tumetulia?

— Umetulia wewe? Juzi si ulitoka mbio na khanga ya mkeo?

Mwanvua alicheka hadi birika likamchuruzika.

— Sikilizeni basi, — alisema Kapteni bila haya. — Ardhi ni mtumbwi. Wao wamepakia maji upande ule, sisi huku tunainuka. Wakiongeza kidogo tu, Bangwe yetu ya ufukweni inakuwa mlima, dagaa tutawafuata kwa kamba.

— Na wao? — aliuliza Profesa.

— Wanashuka. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinahusu nini hapo, Kapteni?

— Kimejaa, ndiyo maana kinatikisika!

— Mimi nasema ardhi ilikuwa imelala, — alisema Mwanvua taratibu. — Inaota zake. Ukimmwagia maji mtu aliyelala, hata kama ni mpole, si atajigeuza?

Hilo Bucumi alilipenda. Akaiona migomba imesimama chini ya maji, majani yake yakipunga polepole, samaki wakipita palipokuwa na kizingiti, na baba yake, marehemu, akitembea huko bila kulowa. Ilimuuma sana, lakini hakutaka kuamka.

— Profesa, ardhi ikishayazoea maji, itatulia?

— Huenda. Baada ya mwaka, au kumi.

— Na migomba?

Profesa alikohoa. — Migomba ndiyo basi tena, mwanangu.

Ndipo akatokea mwanamke mgeni hapo kijiweni, kichanga mgongoni, anatembea kwa uangalifu wa mzazi mpya. Alikuwa Ininahazwe, mke wa Bucumi.

— Shikamoo mama. Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu, — alisema Mwanvua. — Mbona umetoka na jua hili? Mtoto ana siku ngapi?

— Tisa. — Alifungua fundo la khanga yake. Ndani mlikuwa na kitu kidogo, cheusi, kikavu. — Kitovu kimedondoka asubuhi hii.

Bucumi alijua maana yake. Kitovu cha baba yake, chake, cha Ndikumana, vyote vilizikwa chini ya migomba ile. Hata pale kambini, mimba ilipoingia tu, waliahidiana: cha huyu nacho kitapelekwa kwao.

Ininahazwe aliitazama barua iliyokuwa gotini kwa mumewe. Habari yake aliijua tangu jana.

— Sasa baba, — aliuliza, — tukizike wapi?

Kapteni alisogea kumpa nafasi benchini. Kisha Profesa akaruka, akinyoosha kidole kwenye kikombe alichoshika Bucumi, ambamo kahawa ilikuwa inacheza.

— Linakuja! Linakuja tena!

Kapteni alikwisha fika barabarani. Mwanvua hakusogea. Alitazama kikombe cha mwisho wa benchi, akakikuta kimetulia tuli, kimejaa vilevile.

— Rudi ukae, Leonardi, — alisema. — Ni mkono wake.